Mafunzo ya ramani yasianzie kwenye rangi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu mafunzo ya kutengeneza ramani za kidijitali kwa kutumia QGIS, programu isiyolipiwa. Tangu mradi wa Ramani Huria uanze jijini Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi na wakazi wamechora mitaro, njia na nyumba za kata zinazokumbwa na mafuriko, Tandale ikiwamo, na kuziweka kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoko mtandaoni, ambako yeyote anaweza kuzipakua bure. Hiyo ni hazina kubwa kwa anayeanza.

Hata hivyo, mafunzo niliyoyaona huanzia kwenye rangi na alama, huku mfumo wa majiranukta, yaani namba zinazoonyesha mahali kitu kilipo duniani, ukiguswa juu juu tu, jambo ambalo ni sawa na kuezeka nyumba isiyo na msingi. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu zilitengenezwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu zetu hutumia WGS 84. Anayeweka pamoja ramani hizo na vipimo vya simu bila kubadilisha mfumo atauona mtaro wa Bonde la Msimbazi umehama kwa mamia ya mita. Vivyo hivyo, anayepima urefu kwa nyuzi za latitudo na longitudo badala ya mita hupata jibu lisilofaa kitu, wakati kwa jiji letu kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo unaopima kwa mita, ingemtosha kabisa.

Nawasihi wakufunzi walitengee jambo hili somo la kwanza, tena kila mwanafunzi auchore mtaa wake mwenyewe, kwa kuwa anayejua mtaro unapoishia huligundua kosa mapema.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam