Mstari ule ukutani

Cambridge, Uingereza

Kaka Kasian,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimekaa kimya tangu Pasaka, uniwie radhi. Sisi wazima, baridi tu. Ujumbe wako kwamba ujenzi wa kanisa la kigango umeishia kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, umeninyima usingizi.

Jumamosi niliingia kanisa la Chuo cha King's. Ungekuwepo ungekwenda moja kwa moja kupapasa kuta! Mfalme Henry VI aliweka jiwe la msingi mwaka 1446, wakaanza kujenga kwa mawe meupe ya chokaa kutoka Yorkshire. Vikazuka vita vya kugombea ufalme. Mwaka 1461 akapinduliwa, mafundi wakafungasha patasi zao wakaondoka. Kazi iliporudi, mawe yalitoka machimbo mengine, na mpaka leo unaona ukutani pale rangi inapobadilika. Nilisimama mbele ya mabadiliko yale muda mrefu, nikiwaza linta yenu.

Halafu dari, kaka. Ni mawe matupu! Fundi wake mkuu, John Wastell, alilijenga kati ya 1512 na 1515, enzi za Henry VIII. Upana kama mita 12, kwenda juu kama mita 24, na katikati hakuna nguzo hata moja. Mbavu za mawe zinachanua kutoka ukutani kama majani ya mvumo. Nilijiuliza uzito wote ule unakwenda wapi, nikatoka nje nikaona: kati ya dirisha na dirisha kuna kiegemeo kinene cha mawe, ndicho kinachozuia kuta zisisukumwe nje. Ndiyo maana wameweza kuweka madirisha makubwa vile, yenye vioo vya rangi, kazi ya mafundi wa Flanders.

Henry VI hakuliona paa hilo. Aliuawa mwaka 1471. Hilo limeniuma kuliko yote, maana nimemkumbuka marehemu katekista wetu na ile ramani yake ya kanisa la kigango.

Mwisho wa mwezi nitatuma mchango. Bati za geji 28 zinauzwaje sasa? Nondo zilizotokeza mmezifunika, au zinaliwa na kutu? Mvua ya masika imezigusa kuta? Na yule fundi wa Ndanda, amerudi? Mama Teo anatembea sasa? Nipigie picha ukuta wa upande wa sakristia, tafadhali, ule tuliouanza pamoja.

Ndugu yako,
Beatus