Risala kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kukabidhi Mbao za Kupimia Sangara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,
Mwenyekiti wa Kijiji na wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji,
Ndugu Afisa Uvuvi,
Mwalimu Mkuu na wanafunzi wa klabu ya sayansi,
Viongozi wa dini, wenye vyombo, wavuvi, mama zetu wachuuzi,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanachama wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo huu wa kushushia samaki, tunakukaribisha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Tunajua umevuka maji na kula vumbi kutufikia, na tunajua ratiba yako ina mambo makubwa kuliko vipande vya mbao. Hata hivyo umekuja, na umekuja mapema. Hilo la mapema tunalishukuru zaidi, kwa sababu yupo samaki anayekusubiri chini ya lile gunia lililoloweshwa, na jua la hapa halina subira. Nitarudi kwake mwishoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinatukataza kuvua au kuuza sangara asiyefika sentimita 50. Hapa mwaloni jambo hilo hata mtoto wa darasa la pili atakutajia. Lililokuwa likitushinda ni swali dogo tu: sentimita 50 za nani?

Mvuvi alikuwa na alama yake kwenye kafi, aliyoichonga kwa panga. Wakala wa mnunuzi alikuwa na mstari wa kalamu kwenye mfuniko wa boksi la barafu, na mstari huo, sijui kwa miujiza gani, ulikuwa ukisogea bei ya kiwandani ikishuka. Mama zetu walitumia mkono: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kisha unaongeza vidole vinne. Tulipokuja kuhakiki baadaye tukagundua kwamba mkono wa akina mama ndio uliokuwa karibu zaidi na ukweli kuliko vipimo vyote vya mwalo huu. Afisa Uvuvi alikuwa na tepu ya chuma, lakini ana mialo mingi na pikipiki moja.

Siku moja mvuvi na wakala walibishana juu ya samaki mmoja mpaka barafu ikayeyuka. Huyu anasema amezidi, yule anasema hajafika. Wazee wakaitwa, wakasuluhisha, na jioni samaki mwenyewe akaliwa na wasuluhishi kwa ugali. Hakuna aliyelipwa. Baada ya siku hiyo ndipo mkutano wetu ukaazimia kwamba mwalo uwe na ubao mmoja wa kupimia, uliowekwa mahali pa wazi, na neno lake liwe la mwisho.

Vipimo vya dukani tulivyoonyeshwa vilikuwa vya samaki wadogo, na bei yake haikuwa ndogo. Sangara si samaki wa kuwekwa kwenye rula ya shule. Wenzetu wa Kenya humwita mbuta, wa Uganda humwita mputa, na pande zote tatu za ziwa wanajua kwamba akiachwa akue anaweza kukaribia urefu wa mita mbili na kupita kilo mia. Tukaamua kutengeneza wenyewe.

Ubao wa kwanza ulikuwa wa playwudi. Ulidumu wiki tatu. Maji yaliingia pembeni, ukavimba kama chapati, ukapasuka matabaka. Huo sina zaidi la kuusema.

Wa pili tuliupata kwa fundi wetu wa mitumbwi, aliyetupa mabaki ya mvule bila kudai senti. Ubao ulikuwa mzuri, mzito, umepigwa randa ukang'aa. Juu yake tukabandika futikamba ya fundi cherehani, na kwenye kichwa tukapigilia kipande cha mbao kilichosimama wima ili pua ya samaki igote hapo. Tukautundika bandani kwa shangwe. Mimi katibu ndiye niliyekuwa nikisoma vipimo, na mwandiko ulio katika daftari ni wangu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa ninaomba niseme polepole, kwa sababu ni sehemu ambayo baadhi ya wenzangu walitaka niiruke.

Wanafunzi wa klabu ya sayansi walikuja kutembelea mwalo. Mmoja wao, kijana wa kidato cha pili, alitoa rula yake ya sentimita 30, akaiegemeza kwenye kile kipande cha kichwa, akasoma futikamba yetu. Ikasema 32. Tukamcheka. Akarudia, ikasema 32. Fundi akasogea, akainama, akanyamaza. Tulikuwa tumebandika futikamba kuanzia ukingoni mwa ubao, kisha tukapigilia kipande cha kichwa juu ya sifuri. Unene wa kipande hicho ulikuwa sentimita mbili kamili. Kwa hiyo pua ya kila samaki aliyewahi kulala pale ilianzia kwenye mbili, na kila mmoja alikuwa ameongezewa sentimita mbili za bure. Sangara wa 48 alisomeka 50, akapita, akauzwa, na mimi nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba ni halali.

Hatukuchana kurasa. Katika daftari lile, kila ukurasa una maandishi mekundu juu: "toa 2". Kosa la namna hiyo lina unafuu wake, kwa sababu ni lilelile kwa samaki wote, mdogo na mkubwa, na hesabu ya kutoa inalisahihisha. Futikamba ilikuwa na kosa lake jingine ambalo halisahihishiki: ni ya kitambaa, ikilowa inavutika, ikikauka inajikunja, na hakuna ajuaye siku fulani ilikuwa imevutika kiasi gani. Afisa Uvuvi tulimweleza yote mawili siku ileile. Hakutukaripia. Alisema tu, "Tengenezeni mwingine, na safari hii sifuri ianzie penye pua."

Ubao unaouona mbele yako ndio huo wa tatu. Una urefu wa sentimita 150 na upana wa 30, ni mvule tupu, mbao mbili zilizounganishwa kwa vigingi vya mti na gundi isiyoogopa maji. Skrubu zote ni za chuma kisichoshika kutu. Pembeni una kingo fupi, kimo cha vidole viwili, maana samaki wa kilo kumi mwenye utelezi akianza kubingirika atakuvunja mguu. Kipande cha kichwa kilisimamishwa kwanza, kikapimwa kwa skwea kisiinamie mbele wala nyuma, kikafungwa, ndipo vipimo vikaanza kuchorwa kutoka uso wake wa ndani.

Futikamba tuliiacha. Shule ilituazima rula ya chuma ya mita moja. Rula fupi ya sentimita 30 ingetulazimu kuinua na kusogeza mara nne, na kila unaposogeza unapoteza unywele. Nywele zikikusanyika zinakuwa milimita. Kila sentimita imekatwa kwa msumeno wa chuma, mfereji mwembamba. Tarakimu tulizichoma kwa msumari uliotiwa moto, kazi iliyochukua Jumamosi mbili na vidole vya watu wawili. Mifereji ikajazwa rangi nyeusi, penye 25 pakawekwa mstari wa njano kwa ajili ya sato, penye 50 mstari mwekundu, kisha vanishi mikono mitatu. Mstari mwekundu unavuka upana wote wa ubao ili aliyesimama nyuma naye aone. Hilo la aliye nyuma kuona limepunguza kelele kuliko lolote jingine.

Lakini ubao mzuri unaweza kusema uongo mikononi mwa mjanja, Mheshimiwa. Samaki aliyeachama kinywa ni mrefu kuliko aliyefumba. Aliyekakamaa amepinda ni mfupi kuliko aliyenyooshwa. Ukisoma ukiwa umesimama upande wa kichwa utaona tarakimu moja, ukisimama upande wa mkia utaona nyingine. Kwa hiyo tumekubaliana hivi: samaki analala ubavu, kichwa kushoto, kinywa kimefumbwa, pua imegusa bila kusukumwa. Mkia wa sangara ni wa mviringo, hauna panda, kwa hiyo tunasoma penye ncha yake ya mwisho. Wenzetu wa baharini wanaopima jodari na nguru huishia penye panda ya mkia, na ndiyo maana namba zao na zetu hazilinganishwi kienyeji. Msomaji anainama mpaka jicho liwe juu ya mkia. Ikiangukia kati ya mistari miwili, tunaandika ule wa chini. Arobaini na tisa na nusu ni arobaini na tisa, hata kama mwenye samaki ni shemeji yako.

Wapo wanaouliza kwa nini tusipime kilo tu, mizani ipo. Sangara akishatolewa bondo, yaani kile kifuko cha hewa cha tumboni, na matumbo, kilo zake zimebadilika, lakini urefu wake uko palepale. Tena urefu unaeleza mengi kuhusu uzito. Wanafunzi walitufundisha kwamba samaki akiongezeka urefu mara mbili, anaongezeka pia unene na kimo mara mbili, kwa hiyo uzito unakwenda karibu mara nane. Sangara wa sentimita 50 ana takriban kilo moja na nusu. Mwache afike mita moja, weka mara nane, utamkuta kwenye kilo kumi na mbili hivi. Mzee mmoja wa hapa aliposikia hesabu hiyo aliomba irudiwe, kisha akasema kwamba amekuwa akiuza ng'ombe kwa bei ya ndama miaka arobaini. Na sangara jike hupevuka akiwa mkubwa kuliko dume, kwa hiyo tunapomaliza wadogo, majike ndio wanaokatwa kabla hawajataga hata mara moja.

Ubao huu nao una mpaka wake. Mwezi uliopita uliletwa sangara ambaye mkia wake ulipita mwisho wa ubao na kuning'inia hewani. Tulifurahi na kufadhaika kwa pamoja. Tulisogeza benchi likawa sawa na ubao, tukaunga kwa rula ya chuma. Mbao nne tunazokabidhi leo kwa mialo jirani zimeachiwa matundu mawili mwishoni ili kipande cha nyongeza kiweze kuchomekwa. Zote tano zimechorwa kwa rula ileile moja, na sangara yuleyule mmoja alilazwa juu ya kila ubao kabla ya kupakwa vanishi. Alisomeka 71 kote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio hayo tunazo changamoto, na kubwa kuliko zote nitaisema bila kuipamba. Ubao haumrudishi sangara mdogo ziwani. Akifika hapa amekwisha kufa. Kinachomwokoa ni tundu la wavu, na wapo kati yetu bado wanaotega timba na kuvuta kokoro, nyavu zilizokatazwa, usiku, wengine kwa ubishi, wengi kwa sababu nyavu halali ni ghali na mkopo hawapati. Kazi ya ubao ni kutuonyesha wadogo wanatoka upande gani na kwa zana gani. Daftari letu sasa linaandika urefu, zana na eneo, na kurasa zake zimekwisha kutusaidia kujua ni ghuba zipi tuzungumze na wenye vyombo waziepuke.

Maombi yetu ni matatu. La kwanza, utufikishie ombi Wakala wa Vipimo waje wahakiki mbao zetu na kuzigonga muhuri kama wanavyogonga mizani. Tulishajidanganya kwa sentimita mbili tukiwa na nia njema. Hatutaki kuachwa tujiamini tena. La pili, utusaidie kuzungumza na halmashauri kuhusu mikopo ya nyavu halali kwa vikundi vya wavuvi. La tatu ni dogo: bati kumi za kuezekea upande wa magharibi wa banda, kwa sababu jua la alasiri linapasua vanishi na kumpasua msomaji pia.

Tunamshukuru fundi wetu wa mitumbwi, ambaye amekataa kusimama hapa mbele na yuko nyuma ya mtumbwi wa bluu akijifanya ana kazi. Tunamshukuru kijana mwenye rula. Sasa yuko kidato cha tatu, na rula ile ya plastiki tumeiomba, tumeitundika kwenye nguzo ya banda.

Baada ya kusema hayo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba usogee kwenye meza uzindue mbao hizi kwa kumpima sangara aliye chini ya gunia. Glavu zipo, miiba ya pezi la mgongoni haina itifaki. Kichwa kushoto, mfumbe kinywa, inama, kisha soma kwa sauti. Katibu msaidizi ameshashika kalamu, na sisi wenyewe hatujampima, kwa hiyo akiwa chini ya mstari mwekundu utaandika hivyohivyo.

Naomba kuwasilisha.