Kabla hujakata dishi: barua kwa mwanangu Neema

Mwanangu Neema,

Marahaba, mama. Salamu zako na za wajukuu zimefika, na swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema kifurushi cha dishi kinakula elfu sitini na kitu kila mwezi, watoto wamehamia YouTube kwenye simu ya baba yao, na mumeo anataka mkate dishi mwangalie kila kitu kwa intaneti. Unauliza kama inalipa. Kwa nyumba kama yako nadhani inalipa, ila hesabu mliyonitumia haijakamilika, na nisingependa mwamue kwa hesabu hiyo.

Mmechukua bei ya kifurushi cha dishi, mkaiweka pembeni ya bei ya intaneti ya nyumbani, mkaona zinakaribiana. Mmeyaacha mabando. Mumeo ananunua bando, wewe unanunua, dada wa hapo nyumbani ananunua. Pesa ile haiumi kwa sababu inatoka elfu moja leo, elfu mbili keshokutwa, na hakuna anayeikumbuka mwisho wa mwezi. Sisi hapa Tabata, kabla ya kuamua lolote, niliweka daftari juu ya friji na kila aliyenunua bando aliandika, mdogo wako Amani akiwemo. Mwezi ulipoisha mabando yalikuwa 71,000. Ongeza dishi 64,000, inakuwa 135,000. Sasa tunalipa 70,000 ya intaneti ya waya, na bando dogo la kila mtu akiwa nje, ambalo kwa wote watatu ni kama 15,000. Jumla 85,000. Tofauti ni elfu hamsini kwa mwezi, yaani laki sita kwa mwaka, na mwaka huu imeingia yote kwenye ada ya Amani. Kwa hiyo fanyeni daftari kwanza. Kama mabando yenu ni madogo, akiba mnayoiota haipo.

Jambo la pili, na hili nakuomba ulishike sana: msiangalie runinga kwa bando la simu. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya kawaida inaweza kula mpaka GB 1 kwa saa, na ile kali, ya HD, mpaka GB 3. Nyumba yenye watoto wawili na mtu mzima anayeshinda ndani, runinga inawaka saa tano kwa siku bila shida. Hizo ni saa 150 kwa mwezi. Kwa picha ya kawaida unaweza kufika GB 150, kwa HD ukafika 450. Nenda duka la simu hapo Dodoma uulize bei ya GB 150, utaona dishi lilikuwa rahisi. Mnachohitaji ni intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo, ya waya kama imefika mtaani kwenu. Na neno "isiyo na kikomo" msilipokee hivihivi. Waulizeni kama ukifika GB fulani wanapunguza kasi, na wanapunguza mpaka ngapi. Waulizeni pia gharama ya kufunga ni kiasi gani na kama mkataba unawabana kwa miezi, kwa sababu nyinyi mmepanga na mwenye nyumba anaweza kuwaambia mhame. Kasi isiwatishe. HD kwenye runinga moja inataka kama Mbps 5, hivyo Mbps 10 zinawatosha nyinyi na simu zenu. Wauzaji watawasukuma kwenye kubwa zaidi.

Runinga yenu ya zamani msiiuze. Kama ina tundu la HDMI, lile la kuchomekea waya wa picha na sauti, boksi la Android linatosha, yaani kidude kinachoipa runinga intaneti na programu, na ni nafuu kwa mbali kuliko runinga mpya. Mume wako asiponisikiliza hapa, mwambie baba yako atampigia.

Sasa mpira. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokwama, na kwetu ndipo tulipobishana hasa, maana baba yako na Yanga unawajua. Ukiacha dishi, haki za mpira hazihami pamoja nawe. Mwaka 2021 Azam Media na TFF, shirikisho letu la mpira, walisaini mkataba wa miaka kumi wa Ligi Kuu wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Maana yake Simba na Yanga za ligi ziko kwa Azam, iwe kwa dishi, kwa antena au kwa programu yao ya AzamMax. Ligi ya Uingereza iko SuperSport, chaneli za DStv. Anayewaambia kwamba intaneti ina mpira wote bure anawapeleka kwenye zile linki za wizi, zinazofungua matangazo ya kamari na picha chafu mbele ya watoto. Sizitaki nyumbani kwako, Neema. Mpira ni kazi ya watu na unalipiwa.

Sisi tulimaliza hivi: king'amuzi hatukukiuza. Kimekaa kwenye droo, dishi liko juu ya bati, na baba yako akitaka mwezi wenye mechi nzito analipia mwezi huo tu. Vifurushi hivi vinalipwa mbele, usipolipa hudaiwi. Kwa mwaka analipia miezi michache badala ya kumi na miwili. Na AFCON ya 2027 tumepewa sisi na Kenya na Uganda, sidhani kama atakubali kuikosa kwa sababu ya elfu sitini, na mimi sitamkatalia. Ukweli mwingine anaoulalamikia ni kwamba picha ya intaneti inachelewa, mara nyingi nusu dakika na zaidi nyuma ya dishi. Jirani mwenye dishi anapiga kelele za goli wakati wewe bado unaona mpira uko katikati ya uwanja. Kwa tamthilia haidhuru. Kwa Simba na Yanga inauma, na mumeo ajue mapema.

Kuhusu mama mkwe wako, naomba umsikilize kabla ya wengine wote. Umeniambia taarifa ya habari ya saa mbili usiku haimpiti. Mtu wa umri wetu amekua Bara hakuna televisheni kabisa. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, huku ITV ilianza 1994, na tuliokuwepo tunakumbuka sebule ya mwenye runinga ilivyojaa watu wa mtaa mzima. Halafu usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ikazimwa hapa Dar, ikawa lazima king'amuzi. Sasa umwambie tena kwamba habari ziko ndani ya programu, abonyeze hapa, achague pale, asubiri izunguke? Usimfanyie hivyo. Mnunulie king'amuzi cha antena. Unalipa mara moja, na zile chaneli za bure, TBC na ITV zikiwemo, anaendelea kuziona hata kama hakuna kifurushi kilicholipiwa, kwa sababu ndivyo kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zinavyotaka. Rimoti ni moja, namba ni zilezile. Intaneti ikikata, yeye haimhusu.

Umetaja mvua kama sababu ya kuhama. Hapa Dar ni sababu kweli: setilaiti iko kilomita kama 36,000 juu, na masika ikishika yale mawimbi yanadhoofika njiani, picha inakuwa chenga. Dodoma mvua ni ya miezi michache, isiwasukume kuamua.

Watoto ndio wananipa mawazo kuliko pesa. Kwenye dishi katuni ilikuwa na saa yake, ikiisha imeisha. Kwenye YouTube inayofuata inaanza yenyewe, na huwezi kujua ya kumi itakuwa nini. Zima ile ya kuendelea yenyewe, waweke kwenye YouTube Kids, na simu ya baba yao irudi kwa baba yao. Waangalie kwenye runinga, sebuleni, ambako mtu mzima anayepita anaona. Ukishusha picha mpaka 480p, yaani ile ya kawaida, utapunguza matumizi pia, na kwenye runinga ndogo kama yenu watoto hawatatambua.

Kifurushi chenu umesema kinaisha tarehe 28. Lipieni mwezi mmoja tena wakati mnaandika daftari, msiwe na haraka, elfu sitini hiyo nitaituma mimi kwa simu Ijumaa. Ukimaliza nitumie picha ya kurasa zote, niipitie na baba yako. Msalimie mkwe wangu, na umwambie mama mkwe wako kwamba antena nitailipia mimi.

Mama yako
Tabata, Dar es Salaam