Shukrani kwa dada wa mitumba Mwanjelwa

Jamani naomba nimshukuru dada mmoja anauza mitumba soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, jina hata sikumuuliza maana nilikuwa nimechanganyikiwa. Kaka yangu ana skizofrenia (ugonjwa wa akili, huwa anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii) miaka mingi, akichomwa sindano yake ya kila mwezi yuko poa kabisa, analima viazi na kutania watoto, ila safari hii dawa ilichelewa, sauti zikarudi, akatoka nyumbani peku na baridi yote hii ya Mbeya. Sokoni vijana wakamzingira, "chizi huyo!"

Yule dada akaacha meza yake akaingia katikati, hakugomba na mtu, akasema tu "shikamoo kaka, njoo ukae hapa", akamvisha sweta na ndala toka kwenye mzigo wake, akaagiza chai na chapati, akawa anamsikiliza bila kumbishia hizo sauti. Alipotulia ndo akamuomba namba ya ndugu, kaka akaitaja yangu bila kukosea (namba huwa hasahau huyo!). Nafika nakuta wanakunja suruali huku wanacheka. Hela ya sweta kakataa.

Wana Mbeya, mkikuta mtu hivyo msimzonge, mkalisheni, mtafute ndugu zake.

Dada, kaka kashachomwa sindano na anakuulizia. Tunakuja na debe la viazi, hilo usikatae.