Barua ya wazi kwa vijana wetu mnaosomea udaktari na uuguzi

Wanangu wa Unguja na Pemba,

Assalaamu alaykum. Mimi ni bibi yenu, muuguzi mstaafu wa Wete, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya wodini na watu waliopigwa na kiharusi. Ninachokuombeni ni kimoja: mgonjwa akikufikieni, muulizeni habari za ukoo wake, na jibu mliandike.

Mtaniambia mmeshafundishwa hayo darasani. Kweli. Lakini katika mafaili niliyoyapitia mimi, pale penye historia ya familia mara nyingi pana mstari mtupu, au neno "hakuna". Hakuna vipi, nasi Wapemba twajuana mpaka kwa mababu? Mama aliyemsindikiza mgonjwa ndiye ajuaye kuwa ami yake alipooza upande angali kijana, na shangazi alikuwa akijifungia chumbani kwa maumivu ya kichwa. Amekaa nje barazani, hajaulizwa.

Itazameni kazi ya Daktari Marie-Germaine Bousser, bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu wa Paris. Mwaka 1976 alimwona mgonjwa wa kiharusi asiyekuwa na presha, ambaye ubongo wake umeharibika kwa namna ionekanayo kwa watu walioishi na presha miaka mingi. Hakuwa na jina la kuupa ugonjwa ule. Baada ya takriban miaka kumi wakaja watoto wa mgonjwa yule, na picha za MRI zikaonesha kuwa ubongo wao nao umeguswa. Hapo yeye na wenzake, Elisabeth Tournier-Lasserve, Hugues Chabriat na Anne Joutel, wakaufuata ukoo mzima, wenye dalili na wasio nazo. Mwaka 1993 ikajulikana kuwa kasoro iko kwenye kromosomu ya 19, moja ya nyuzi zibebazo urithi ndani ya seli, na mwaka 1996 ikapatikana jeni yenyewe, yaani kipande cha urithi chenye kasoro, iitwayo NOTCH3. Ugonjwa huo unaitwa CADASIL. Huharibu mishipa midogo ya damu ya ubongo, na mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuurithi. Mwaka 2019 wote wanne walitunukiwa tuzo kubwa ya utafiti wa ubongo inayotolewa Denmark. Mimi kinachonigusa zaidi ni ile miaka ya katikati, kwamba mgonjwa hakusahauliwa.

Katika koo zenye CADASIL, wanaopata kipandauso mara nyingi hukipata kabla ya kiharusi cha kwanza, tena kile kinachotanguliwa na mwanga: mtu huona mistari ya kumetameta, au sehemu ya macho ikaingia kiza, au ganzi ikapanda mkononi, ndipo kichwa kianze. Huku kwetu akisema hivyo huambiwa ana shetani, akasomewa, akanyweshwa kombe. Msimkataze mtu dua yake. Mkiidharau, hatarudi kwenu. Lakini habari ya ule mwanga muulizeni, tena kwa upole.

Wala si kwa ajili ya ugonjwa huo adimu tu. Mtafiti Tobias Kurth na wenzake walichunguza habari za wanawake 27,840 wa Marekani, wa miaka 45 na zaidi, waliofuatiliwa kwa miaka. Mwaka 2006 walitoa matokeo: wenye kipandauso cha mwanga walipata kiharusi cha mshipa kuziba karibu mara mbili ya wasiokuwa na kipandauso. Kisicho na mwanga hakikuonekana kuwa na hatari hiyo. Basi mwanamke mwenye kipandauso cha mwanga asipewe vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, homoni ya kike iongezayo hatari hiyo, zipo njia nyingine. Nyinyi wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto ndio mnaokutana naye kabla ya bingwa yeyote, kwa hiyo swali hili ni lenu.

Msije mkaiona CADASIL kwenye kila kitanda. Kiharusi chetu kingi kinatokana na presha isiyopimwa, au iliyopimwa kisha dawa zikaachwa mtu alipojihisi mzima. Mzee aliyekuja na presha ya 190 anahitaji kutibiwa presha yake, si kutafutiwa jeni. Hata hivyo na presha nayo hutembea kwenye familia: wale ndugu waliomleta, wafungeni mashine mkononi kabla hawajaondoka.

Na aliyemleta mgonjwa wa kiharusi muulizeni mara ya mwisho alimwona mzima saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, baada ya picha ya CT kuhakikisha kuwa si damu iliyovuja. Hata mkiwa Micheweni, mbali na mashine hiyo, iandikeni saa, aondoke nayo.

Kisha chini ya jina la mgonjwa, kwa ridhaa yao wenyewe, andikeni majina ya watoto wake, kijiji wanachokaa na namba ya simu, ili atakayeshika faili hilo baada ya miaka kumi aweze kuwapata.

Bibi yenu,
Wete, Pemba