Mama, kuhusu ubatizo wa mjukuu wako

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe na Baba na wote nyumbani. Sisi huku hatujambo. Mtoto ameanza kukaa bila kushikwa, na akicheka anafumba macho kama wewe.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tukifika kwenye ubatizo mmoja wetu hunyamaza na mwingine hubadili mazungumzo. Mara ya mwisho uliniuliza hivi: "Baba, wewe mwenyewe umesema dini haikushughulishi tena. Sasa kama haikushughulishi, unamzuilia nini mtoto? Maji kidogo kichwani yatakupunguzia nini?" Sikukujibu. Sijawahi kuulizwa swali zito kama hilo kuhusu mambo haya, si na marafiki, si na wasomi, na nimekaa nalo moyoni tangu siku hiyo.

Kabla ya kulijibu, naomba kwanza nikuondolee dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba nina hasira na Kanisa. Najua umekuwa ukiulizauliza kama kuna padre au katekista aliyenikosea, na wewe kila ukikutana nao unawaangalia kwa jicho la kutafuta. Waache, Mama. Hakuna aliyenikosea. Walionifundisha Komunyo ya Kwanza na Kipaimara walikuwa watu wema, na nyimbo walizonifundisha bado nazijua mpaka ubeti wa mwisho.

Ya pili ni kwamba ughaibuni umeniharibu. Jambo hili lilianza nikiwa bado nyumbani kwako. Nilikuwa kwenye foleni ya kuungama kabla ya Pasaka, dhambi zangu nimeshazipanga vizuri: hasira, uvivu, uongo mdogomdogo. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja mtu mzima, analia bila sauti, mabega yanatikisika. Nikamtazama, nikaona wazi kwamba yeye amekuja kukutana na Mtu, na mimi nimekuja kumaliza shughuli. Sikuondoka kwenye foleni. Niliungama, nikapewa malipizi, nikayatimiza yote. Lakini tangu hapo nilianza kujichunguza kila Jumapili, nikingojea lile swali la kama Mungu yupo au hayupo linichome moyo. Halikunichoma. Baadaye, nilipoacha kusali, nikangojea dhamiri inisute. Haikunisuta pia. Hakukuwa na usiku wa machozi wala kitabu kilichonigeuza. Lile swali lilinitoka polepole, na nilipogundua kwamba limeondoka, sikujua liliondoka lini.

Nadhani hili ndilo linalokusumbua zaidi. Ningekuwa nabishana na Mungu, ungejua bado namtaja. Mwenye hasira hupozwa, mwenye mashaka hujibiwa, lakini mtu ambaye habari yenyewe haimgusi utamwanzia wapi? Tena usidhani niko peke yangu, au kwamba kila asiye na dini ni mkanamungu. Utafiti wa kituo cha Pew uliotolewa Januari 2024 ulikuta watu wazima 28 kati ya kila 100 Marekani hawana dini. Lakini katika hao wasio na dini, waliojiita wakanamungu ni asilimia 17 tu. Asilimia 63 walisema kwamba wao dini yao si kitu chochote hasa. Hawapingi, hawaungi mkono, wanaendelea na maisha. Mimi ni wa kundi hilo.

Na Kanisa lako linatufahamu. Ukimwomba paroko akuonyeshe hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, iitwayo Gaudium et Spes, ile ya tarehe 7 Desemba 1965, mwambie afungue namba 19. Pale wanapozieleza aina za watu wasiomwamini Mungu, wanawataja wale ambao hawafiki hata kujiuliza habari zake, kwa kuwa hawaoni kama kuna haja ya kujisumbua na dini. Niliposoma hapo nilishangaa jinsi maaskofu wale walivyonieleza bila kunitukana. Hawakunitakasa pia: namba hiyohiyo inasema kwamba anayemfungia Mungu mlango kwa makusudi, kinyume na dhamiri yake, hakosi lawama. Halafu inaongeza kwamba waamini nao mara nyingi huwa na sehemu yao katika jambo hili, kwa malezi ya imani waliyoyazembea au kwa maisha yao mabaya. Mama, ukifika hapo tafadhali usijihesabu. Hukuzembea kitu. Kama kuna mtu aliyelelewa katika imani barabara, ni mimi.

Uliniambia pia kwamba unamwomba Mtakatifu Monika. Nalijua hilo kabla hujasema, maana nani mwingine angeombwa na mama wa mtoto kama mimi? Najua jinsi alivyomlilia mwanawe Augustino, na jinsi askofu mmoja alivyomjibu kwamba haiwezekani mwana wa machozi yale apotee. Najua kwamba Augustino alibatizwa Milano mwaka 387, na mama yake akafa mwaka huohuo, akiwa ameyaona aliyoyalilia. Sikukatazi kuomba. Lakini Augustino alikuwa anaungua, Mama. Alihama kutoka kwa Wamani, wale wafuasi wa dini ya Mani, kwenda kwa wanafalsafa, kutoka hapo kwenda kwa Ambrosi, askofu wa Milano, na kote huko alikuwa akimtafuta Mungu hata alipodhani anamkimbia. Moyo wake haukutulia. Wangu umetulia, na hilo naona ni haki yako kulijua, ili usinisubiri kwenye njia ambayo siipiti.

Hapo utanifungulia Ufunuo sura ya 3, ile barua kwa Kanisa la Laodikia, kwamba Bwana atawatapika walio vuguvugu. Nimeisoma tena. Wale walikuwa ndani ya Kanisa, wanakusanyika, wanasema wamejitosheleza. Mimi niliona ni heri nitoke kuliko kukaa kwenye benchi nikiwa vuguvugu kando yako.

Unakumbuka nilipofanyiwa upasuaji wa tumbo. Ulikuwa ukisema siku ya shida nitamkumbuka Mungu, na mimi mwenyewe nilitaka kujua. Jioni ile nesi aliniuliza dini yangu, na kama ningependa niitiwe padre. Nikamwambia hapana, nikamshukuru. Usiku nilipokosa usingizi midomo yangu ikaanza Salamu Maria yenyewe. Ilipofika "utuombee sisi wakosefu" nikasimama, nikajiuliza kama kweli ninasali. Nikagundua kwamba nilikuwa nakusikiliza wewe, jinsi unavyoivuta "sasa na saa ya kufa kwetu" mpaka pumzi inakwisha, ndipo unatamka Amina kwa harakaharaka kama mtu aliyechelewa. Faraja niliipata usiku ule, sikatai. Ilitoka kwako. Baadaye uliniambia kwamba ulikesha na rozari mkononi. Nakushukuru, na sikushukuru kwa kutimiza adabu. Mtu aliyenitaja kwa jina usiku kucha amenitendea jambo kubwa, ingawa nani alikuwa akisikiliza mimi siulizi.

Sasa ubatizo.

Ungekuwa ni maji tu, ningekubali leo. Wala nisingekuwekea sharti. Lakini ubatizo wa mtoto mchanga haumuulizi mtoto, unamuuliza mzazi. Wewe umewasimamia watoto wengi, maswali yale unayajua. Padre huanza kwa kutukumbusha kwamba tukiuomba ubatizo tunapokea wajibu wa kumlea mtoto katika imani, na anatuuliza kama tunaufahamu wajibu huo. Halafu anatuuliza kama tunamkataa Shetani, kama tunasadiki kwa Mungu Baba Mwenyezi, kwa Yesu Kristu, kwa Roho Mtakatifu. Mzazi anajibu kwa kinywa chake. Na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 868, inataka pawe na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika dini ya Kikatoliki. Likikosekana kabisa, ubatizo uahirishwe. Tumaini hilo mimi siwezi kulitoa. Mama yake alilelewa bila dini yoyote, na tumezungumza mpaka tukakubaliana.

Kwa hiyo ukiniuliza unamzuilia nini, jibu langu ni hili: nimezuiwa na lile neno "nasadiki". Siwezi kulisema mbele ya watu, nimemshika mwanangu, huku najua si kweli. Mafundisho ya dini hayanishughulishi. Neno langu linanishughulisha sana. Wewe ulinichapa mara moja tu maishani, na ilikuwa kwa sababu ya uongo, wala haukuwa uongo mkubwa kama huu.

Najua kuna hofu nyingine ambayo huisemi. Unaogopa kwamba likitokea lolote, mtoto ataondoka bila ubatizo, na wewe ulifundishwa zamani kwamba wa hivyo huenda mahali pa pembeni, pasipo mateso lakini pasipo Mungu. Katekisimu ya sasa haifundishi hivyo. Namba 1261 inasema Kanisa linawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na inakumbusha kwamba Yesu alisema waacheni watoto waje kwangu. Na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Taalimungu ilitoa hati nzima juu ya tumaini la wokovu kwa watoto wanaofariki bila kubatizwa. Mimi hayo hayaniongezei wala hayanipunguzii, lakini usingizi wako ni muhimu kwangu. Muulize paroko, atakueleza vizuri kuliko mimi.

Tena nikuambie jambo ambalo labda hukulitegemea. Tukija kukuachia mtoto, na Mungu wako apishie mbali, ikatokea hatari ya kufa, mbatize. Kanisa linamruhusu mtu yeyote mwenye nia sahihi, na wewe maneno unayajua. Sitakulaumu hata siku moja. Lakini nje ya hatari hiyo nakuomba usimbatize kwa siri. Nimesikia mabibi wanaofanya hivyo mtoto akiwa bafuni, na naelewa kabisa mapenzi yanayowasukuma. Nitakuachia mtoto bila kukuwekea mlinzi, kwa kuwa najua ukiniahidi umeahidi. Akikua akitaka mwenyewe kubatizwa, hata akiwa na miaka kumi, nitampeleka mimi, nitakaa benchi la mbele na sitaongea neno la kumkatisha tamaa.

Kufundishwa sala ni jambo jingine. Mfundishe Baba Yetu. Mfundishe nyimbo zote. Msimulie habari za Yusufu na kanzu yake, na za Daudi. Akiniuliza kama ni kweli, nitamwambia bibi yako anaamini kwa moyo wote, na mimi siamini, na bibi yako ni mtu ninayemwamini kuliko watu wengi. Najua jibu hilo litamchanganya. Nitakaa naye mpaka alielewe, na nisipoweza nitakupigia simu umweleze wewe.

Tutakapokuja, Jumapili nitakusindikiza kwenye Misa kama kawaida. Nitasimama mkisimama, nitakaa mkikaa, na zile nyimbo nitaimba kwa sababu nazipenda. Wakati wa Komunyo nitabaki kwenye benchi. Tafadhali usinisukume kwa kiwiko mbele ya jirani zako, na usione aibu. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba anayekula mkate ule isivyostahili anajilia hukumu. Mimi hukumu hiyo siiogopi, ila siwezi kwenda kukichezea kitu ambacho wewe unakipokea kwa kutetemeka. Kubaki kwenye benchi ndiyo heshima niliyo nayo kwa Ekaristi yako.

Wadogo zangu waambie kwamba siwadharau. Yule mdogo aliniandikia akiniuliza kama namwona mjinga kwa kuwa anaimba kwaya. Imeniuma kwamba aliweza kuwaza hivyo. Nikifika nitakwenda kumsikiliza mazoezini.

Mama, andika unijibu, hata kama una hasira. Ikiwa kuna mahali nimekosea kuhusu Kanisa lako, nisahihishe, maana naandika kwa kukumbuka na kwa kusomasoma. Usimwachie Baba peke yake mzigo wa kukutuliza. Mwonyeshe barua hii asome yote. Na kwenye jibu lako usiache kuniambia goti linaendeleaje na kama zile dawa mpya zinakufaa, kwa sababu kwenye simu kila siku unasema "hatujambo" unapita.

Nisalimie wote. Mkwe wako anakuamkia, shikamoo. Mjukuu wako hajui bado kuamkia, lakini nikimwonyesha picha yako anainyakua.

Ni mimi mwanao,
kifungua mimba wako