Onyo la kerneli si virusi

Mhariri,

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Tanga. Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu wa Linux.

Majuzi niliweka toleo jipya la Linux kwenye mashine ya mteja mwenye duka. Wifi ikakamata vizuri, lakini amri ya dmesg, inayoonyesha ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux), ikaonyesha onyo: programu fulani, imetajwa kwa jina, inatumia njia ya zamani ya kuongea na draiva za wifi (programu zinazoendesha kifaa cha wifi), njia ambayo haitafanya kazi kwenye vifaa vya Wi-Fi 7, kizazi kipya cha wifi; programu hiyo itumie njia mpya, nl80211. Mwenye duka akadhani ameingiliwa na virusi. Nikamtoa hofu.

Onyo hilo liliingia kwenye kerneli 6.3, mwaka 2023. Sina ugomvi nalo, ila moja: hutolewa mara moja tu tangu mashine iwashwe. Anayekosea wa kwanza ndiye anayetajwa. Wenzake wanapita kimya. Niliiondoa ile programu, nikajipongeza, nikawasha upya. Likatokea jina jingine: iwconfig, amri ya zamani ya wifi! Na anayeiita ni hati yangu mwenyewe (faili ya amri zinazojiendesha), niliyoiandika zamani ipime nguvu ya mawimbi kila dakika tano. Aibu niliyoipata mbele ya mteja, niachie mwenyewe.

Nimeibadili hati hiyo itumie amri mpya, "iw dev wlan0 link", inayopitia nl80211. Kazi ya robo saa, chai ikiwa bado moto.

Sasa vijana wanaokuja kujifunza kwangu wana madaftari yaliyojaa iwconfig, waliyoinakili darasani mwaka huu huu. Walimu, kurasa hizo zifuteni.

Fundi wa kompyuta,
Ngamiani, Tanga